Maji Ndani ya Jiwe la Tabaka

Mto Gucha huanza kwa vijito katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, ukateremka katikati ya mashamba ya chai na migomba, ukakata nchi ya Kisii kuelekea kusini-magharibi, na ukifika kwa Waluo wa Migori hubadilishwa jina ukaitwa Kuja, hadi unapoingia Ziwa Victoria. Nyanda hizi ni za mvua. Mwezi mkavu kabisa ni nadra, chemchemi hutoka karibu kila bonde, na udongo mwekundu hushika miguu ya mpita njia. Huko chini, katika Mugirango Kusini, kuna vilima vya Tabaka, ambako kwa vizazi kadhaa watu wamechimba jiwe laini, jiwe la sabuni, na kulichonga vinyago vinavyouzwa Nairobi, Mombasa, Ulaya na Marekani. Historia ya uchongaji huo huelezwa mara nyingi kama historia ya soko: mgeni alifika, akapenda, akanunua, na mwenyeji akaanza kuchonga kile ambacho mgeni alitaka. Nadai kwamba simulizi hiyo imeshika mkia ikaacha kichwa. Sura ya kazi za Tabaka, yaani ule ulaini, ule mviringo, yale maungo yanayotiririka bila kona, ilitokana kwanza na jiwe na maji. Soko lilikuja baadaye, likachagua miongoni mwa yale ambayo jiwe na maji vilikuwa vimekwisha kuyaruhusu.

Tuanze na jiwe lenyewe, kwa maana hapo ndipo wengi hupita haraka. Miamba ya Kisii ni ya kale mno, ya umri unaozidi miaka milioni 500, na sehemu yake kubwa ilitoka tumboni mwa volkano. Jiwe la sabuni, popote duniani, ni mwamba uliogeuzwa: joto la chini ya ardhi na maji yanayopenya katika nyufa hubadilisha madini magumu yakawa madini laini yanayokwaruzika kwa ukucha au kwa kisu. Ndiyo maana jiwe la Tabaka lina rangi nyingi namna ile, jeupe, la kijivu, la malai, la waridi, la kahawia, na mara nyingine rangi tatu katika pande moja. Maji yalipita mahali tofauti yakiwa yamebeba vitu tofauti, na chuma ndicho kilichoacha wekundu. Mishipa ambayo mnunuzi huisifu katika bakuli la Kisii ni njia za maji yaliyokwisha kupita kabla ya kuwako mtu wa kuyaona. Mchongaji anapolifuata shina la rangi ya waridi ndani ya jiwe jeupe, akaligeuza kuwa shingo ya ndege, anafuata mto wa zamani sana.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wanajiolojia, na mchongaji wa Tabaka hahitaji kuyajua ili achonge. Kweli hahitaji. Lakini mkono wake unayajua kwa njia nyingine. Fundi hupenda jiwe lililotoka ardhini karibuni, likiwa bado na unyevu wake, kwa sababu hukatika kwa utii zaidi. Likikaa juani huwa gumu na hutoa vumbi zaidi. Jiwe hilo halina nyuzi ndefu kama za mti, kwa hiyo halimlazimishi mchongaji kufuata upande mmoja, ila lina nyufa zilizojificha, na ukilazimisha kona kali au mguu mwembamba sana litavunjika hapo hapo. Tembo wa mpingo anaweza kuwa na pembe nyembamba zilizochomoza. Tembo wa Tabaka hukunja mkonga wake ukagusa kifua, na masikio yake hulala ubavuni. Wanunuzi wengi hudhani huo ni mtindo uliobuniwa ili kupendeza, kumbe ni mapatano na jiwe: kilicho kizima hudumu, na umbo lililojikunja kama tone la maji ndilo lililo salama kuliko yote.

Kabla ya mgeni yeyote kununua, jiwe hili lilikuwa na kazi nyumbani. Abagusii, wenyeji wa Kisii, walilichonga vibakuli, viko vya tumbaku na mbao za kuchezea bao, na unga wake mweupe ulipakwa mwilini. Kwenye miamba ya jiwe hilo hilo, katika vilima vya Tabaka, kuna alama za kale zilizochimbwa, vishimo vya mviringo ambavyo wataalamu wa sanaa za miambani wameviorodhesha na ambavyo uchimbaji wa mawe unaendelea kuvitishia. Nisingependa kuvisomea vishimo hivyo maana ambayo waliovichimba hawakutuachia. Ni rahisi sana kwa mwandishi kuviita matone ya mvua kisha akaendelea mbele kana kwamba amethibitisha jambo. Vinachothibitisha ni kidogo zaidi, na kinatosha: mkono wa mtu ulikuwa ukilizungusha jiwe hili duara muda mrefu kabla ya duka la kwanza la vinyago. Na tukumbuke vyombo vya maji. Kwa mitungi na vyungu, Abagusii walitegemea sana wafinyanzi wanawake wa Kiluo wa upande wa ziwa, wakabadilishana nao kwa nafaka na vifaa vya chuma. Hivyo basi katika masoko ya mpakani watu wa jiwe na watu wa udongo walikutana zamani, chombo cha mfinyanzi kikipanda mlimani na wimbi la Kisii likishuka.

Soko la wageni lilikuja pamoja na utawala wa Kiingereza. Majeshi yaliingia Gusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, wamisionari wakafuata, na mwaka 1911 kanisa Katoliki likawa na kituo Nyabururu. Wamisionari, maafisa, na baadaye wafanyabiashara wa Kihindi wakawa wanunuzi wa kwanza wasio na haja ya kiko wala bao, waliotaka kitu cha kuweka mezani. Jambo kama hilo lilikuwa likitokea Ukambani wakati huo huo: Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nyumbani na ufundi uliozaa biashara kubwa ya vinyago vya mti. Tabaka haikuhitaji kwenda mbali hivyo kwa sababu malighafi ilikuwa chini ya miguu. Baada ya uhuru mwaka 1963, utalii ulipokua, wanyama wa mbugani walijaa mezani: twiga, simba, kifaru, tembo. Wengi wa wachongaji hao waliishi katika nchi iliyojaa mashamba hadi mlangoni, ambako twiga huonekana kwenye picha tu. Hapo lawama ya sanaa ya watalii hupata nguvu yake, na ni lawama nzito inayostahili kujibiwa kwa ukamilifu.

Wanaolaumu husema hivi: msanii wa kweli huchonga kile anachokiona na kukiamini, na anayechonga twiga kwa sababu Mjerumani anamtaka twiga ni mfanyakazi wa kiwanda kisicho na paa. Kisha huleta mfano wa Japani. Huko, wanasema, wafinyanzi wa leo hufanya kazi zinazopumua maji na miti kwa sababu nyuma yao kuna mapokeo safi ya mamia ya miaka. Mfano huo ni mzuri, na ndiyo sababu unafaa kuchunguzwa badala ya kuheshimiwa tu kutoka mbali. Takayuki Sakiyama, anayefanya kazi katika rasi ya Izu iliyozungukwa na bahari, hujenga vyombo vikubwa vya udongo vyenye kuta mbili zilizosokotwa, akavikwangua mistari kama ile ambayo wimbi huacha mchangani, kisha akavipa rangi ya mchanga. Mfululizo wake mmoja una jina lenye maana ya kuyasikiliza mawimbi. Satoko Fujikasa hukunja udongo mwembamba hadi uonekane kama kitambaa kinachopeperushwa au maji yanayoruka mwambani. Mtu akizitazama kazi hizo haulizi ni samaki gani au ua gani limechongwa. Kilichofinyangwa pale ni mwendo wenyewe wa maji.

Lakini mapokeo yaliyo nyuma yao si safi kwa namna hiyo inayodaiwa, na wala hayakuhitaji kuwa safi. Baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868, serikali ya Japani ilitaka fedha za kigeni, ikapeleka vyombo vya udongo na kauri katika maonyesho makubwa ya Vienna mwaka 1873. Vyombo vya Satsuma vilivyofuata vilijazwa dhahabu, maua na watu wadogo wadogo kwa ladha ya sebule za Ulaya na Marekani, kupita kiasi ambacho Mjapani mwenyewe angekitaka nyumbani mwake. Hizo zilikuwa bidhaa za wageni kama alivyo twiga wa Tabaka. Tena uhuru wa umbo tunaousifu leo ulipatikana kwa kuyavunja mapokeo: mwaka 1948 mjini Kyoto kikundi cha vijana kilichoitwa Sodeisha, kikiongozwa na Kazuo Yagi, kilikataa wazo kwamba udongo lazima uwe chombo cha kutia kitu. Mwaka 1954 Yagi alionyesha pete ya udongo iliyosimama wima, imezungukwa na vijimiguu vya mirija, na hakuna chai ambayo ingeweza kunywewa humo. Basi Japani ilipitia soko la wageni, ikapitia uasi dhidi ya chombo, ndipo ikafika kwenye mawimbi ya Izu. Tukikubali kwamba biashara ya Meiji haikuiua sanaa ya Japani, kwa haki gani tunasema biashara ya watalii imeifanya ya Tabaka kuwa batili tangu kuzaliwa?

Pingamizi la pili ni la wajuzi wa ufundi, nalo lina uzito wake: udongo na jiwe ni kazi mbili tofauti. Mfinyanzi huongeza, mchongaji hupunguza. Kosa la mfinyanzi hurudishwa ndani ya tope, kosa la mchongaji hubaki kovu. Kwa hiyo, yasemwa, kumlinganisha mtu wa Tabaka na mtu wa Izu ni kulinganisha mvuvi na mwindaji kwa sababu wote hula nyama. Tofauti hiyo naikubali, ila naona imewekwa mahali pasipostahili. Udongo nao ni mwamba uliogeuzwa na maji, kwa njia ya kuozeshwa na mvua badala ya kupikwa chini ya ardhi, na mwisho wa kazi mikono yote miwili hufanya tendo moja, yaani kusugua. Hapa mfano ulio karibu kuliko Japani ni wa Mkenya. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971, na katikati ya muongo huo akajifunza ufinyanzi Abuja, Nigeria, katika kituo kilichoanzishwa na Michael Cardew. Cardew alikuwa mwanafunzi wa Bernard Leach, na Leach alijifunza ufinyanzi Japani kabla ya kurudi na Shoji Hamada kujenga karakana huko St Ives mwaka 1920. Kwa hiyo mkondo ule wa Japani ulikwisha kufika Afrika. Pale Abuja ulikuta wanawake kama Ladi Kwali, waliojenga mitungi ya maji kwa mikono bila gurudumu, na kwao ndiko Odundo alikochota zaidi. Vyombo vyake havina rangi ya kioo juu. Huvipaka tope laini, akavisugua kwa kifaa kigumu hadi ving'ae vyenyewe, kisha moto huvifanya vyekundu au vyeusi. Tumbo la mtungi wa maji limekuwa tumbo la mwanamke, shingo imekuwa shingo. Mng'aro huo hutoka mahali pamoja na mng'aro wa Tabaka: uso uliotulizwa kwa mkono hadi mwanga upite juu yake kama juu ya maji yaliyotulia.

Na Tabaka uso huo hutulizwa kwa maji yenyewe, jambo ambalo wasimulizi wa soko hawalitaji kabisa. Jiwe huchimbwa kwa sururu na mitaimbo, hupasuliwa kwa msumeno na kupewa sura ya kwanza kwa shoka na panga. Patasi, kisu na tupa huja baadaye kuleta jicho, kidole, mstari wa bawa. Hadi hapo kazi ni kavu na kinyago ni cheupe kwa vumbi, hakionyeshi rangi yake. Kisha huingia kwenye beseni. Msasa mgumu kwanza, halafu wa kati, halafu ule laini kama karatasi, kila mara ndani ya maji, hadi mikwaruzo ya tupa ipotee mmoja baada ya mwingine. Ni katika beseni hilo ndipo mishipa hujitokeza, na ndipo hujulikana kama jiwe lilificha ufa. Kikikauka rangi hufifia tena, na nta hupakwa ili kionekane daima kama kilivyoonekana kilipokuwa kimelowa. Nta hiyo hukishika kinyago katika saa yake ya maji. Sijui sanaa nyingine ya nchi hii ambayo hatua yake ya mwisho ni kujaribu kuhifadhi unyevu.

Kazi ya beseni, kwa kawaida, ni ya wanawake. Wanaume huchimba na kuchonga. Wanawake huosha, husugua, hupaka nta au rangi, na wengine hukwangua nakshi juu ya rangi hiyo. Katika malipo, mchongaji huhesabiwa kuwa mwenye kinyago na msuguaji huhesabiwa kuwa msaidizi, akalipwa kidogo kwa kila kipande. Hesabu hiyo inatokana moja kwa moja na kuiandika historia hii bila maji. Ukiamini kwamba umbo lilikamilika patasi ilipowekwa chini, basi kusugua ni usafi tu. Lakini ulaini ndio unaoitofautisha kazi ya Kisii kwenye rafu ya duka, na mviringo unaosifiwa hukamilika chini ya kiganja cha yule mwanamke, anayeamua ni kona ipi iondoke na ni mstari upi ubaki. Kama kazi hii ina waandishi, basi ina wawili.

Ushahidi mkubwa kwamba jiwe hili linaweza kusema zaidi ya twiga ni kazi za Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka aliyesoma hadi Chuo Kikuu cha McGill, Kanada. Ndege wake wa Amani yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipokuwa mgeni katika tamasha la utamaduni la Smithsonian huko Washington, alichonga tembo mkubwa mbele ya umati, mapande ya jiwe la Tabaka yakigeuka mnyama siku baada ya siku. Tazama alichochagua: ndege na tembo, viumbe wale wale wa mezani kwa muuza vinyago. Hakukimbilia maudhui mengine ili aitwe msanii. Kilichobadilika ni ukubwa, muda, na mtu anayeamua kazi imekwisha lini. Mchongaji wa kawaida hana muda huo, kwa sababu broka huja siku fulani na bei imekwisha kupangwa, na kiboko wa ishirini lazima afanane na kiboko wa kwanza. Kwa hiyo ninapoona safu ya viboko wanaofanana, sioni upungufu wa fikira za watu wa Tabaka. Naona bei. Mpe mtu yule yule jiwe kubwa na miezi mitatu, na mara nyingi atakuletea watu walioshikana hadi hujui mkono wa nani ni upi, umbo ambalo limekuwa alama ya mahali hapa kuliko mnyama yeyote, na ambalo halikutoka katika mbuga yoyote ya wanyama.

Kuna wanaoniambia kwamba kuzungumzia umbo ni anasa pale ambapo watu wanakohoa. Wana haki ya kusema hivyo. Vumbi la kupasua na kupiga tupa jiwe kavu huingia mapafuni, na wengi hufanya kazi hiyo bila barakoa, watoto wakicheza pembeni. Machimbo huwa mashimo marefu yasiyo na nguzo, na mvua zile zile za Kisii hulowesha kuta zake hadi zikaporomoka, wakati mwingine juu ya watu. Msimu wa mvua mashimo hujaa, na maji lazima yachotwe kabla ya kazi kuendelea. Hata hivyo mjadala wa umbo na mjadala wa kifua ni mmoja. Jiwe linalokatwa likiwa limelowa hutoa vumbi kidogo sana. Maji ya bomba au ya tangi karibu na mahali pa kuchonga yangefanya kazi mbili kwa pamoja, kulinda pumzi na kulainisha uso, na fedha za kuyaleta ni ndogo zikilinganishwa na faida inayobaki Nairobi na ng'ambo. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege na watalii wakatoweka, ilionekana wazi nani alikuwa amebaki bila akiba: yule aliye karibu zaidi na jiwe.

Huko juu, Nyamira, ambako Gucha huanzia, mabonde yenye unyevu yamepandwa mikaratusi, miti inayonyonya maji mengi, na katika kinamasi hapa na pale watu hufyatua matofali ya udongo, wakiyachoma kwa kuni za miti hiyo hiyo. Chemchemi zikipungua huko, beseni la Tabaka hujazwa kutoka mbali zaidi, na anayetumwa kuchota mara nyingi ni msuguaji yuleyule au binti yake, kabla hajashika msasa. Dumu moja huosha vipande kadhaa. Maji hugeuka meupe kama maziwa baada ya kinyago cha pili au cha tatu, mashapo yakatua chini, na yeye humwaga yaliyo juu taratibu, akabakisha tope laini la jiwe, zuri kiasi kwamba mfinyanzi angelitamani.